Kioo Hakikumtambua

Muharami alinipangia vitatu juu ya meza, dukani kwake Isevya,
kama mpimaji anayepanga sampuli za asali:
kishikwambi, chembamba kama sahani ya bati;
kompyuta ya kugusa, inayojikunja hadi tumbo likawa mgongo;
na mpakato ndogo ya mtumba, rangi ya majivu,
herufi N imefutika,
jina la mwenyewe wa zamani limekwaruzwa ubavuni: GRESHENI.

"Chagua, karani."
Karani. Miaka sita naandika kilo za watu kwenye daftari la mistari,
na panya wa Ipole wamezipitia hesabu zangu
kuliko mwenyekiti.

Nikaanza na kishikwambi.
Chepesi. Kingelala kikapuni juu ya kanga,
kingepiga picha ya ndoo kabla mtu hajasema si yake.
"Chaji siku nzima," Muharami akaapa.
Siku ya dukani, penye umeme,
si siku ya kijijini, penye sola moja na simu kumi na saba.
Na hebu jaribu kuandika mia nne themanini na tatu nukta tano
kwa kidole kilichotoka kukamua masega.
Kioo kinanata. Tano inakuwa tano tano tano,
mtu analipwa asali ambayo nyuki hawajaitengeneza.

Ile ya kujikunja ni bibi harusi:
kila mtu anaisifu, hakuna anayeuliza itakula nini.
Bei yake mizinga arobaini.
Nikaigusa mara moja, ikaniitikia haraka mno,
nikairudisha kama unavyorudisha mtoto wa watu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kreti la soda.
Yeye alikuja mjini kung'oa jino, si kununua kitu.
"Mpe na mama ajaribu," Muharami akasema, akimpa kishikwambi.

Dole gumba lile nalijua.
Limefunga tumbaku misimu thelathini,
limechovywa wino kwenye kila karatasi ya malipo
pale wenzake walipoandika majina.
Akaliweka juu ya kioo kwa adabu, vilevile anavyoliweka kwenye wino.
Kimya.
Akakandamiza tena. Kioo kikatulia kama hapakuwa na mtu.
"Ngozi imekauka, mama. Lamba kidogo."
Mama akakitazama kidole chake
kama aliyeambiwa jina lake halimo kwenye orodha.

Kwa hiyo sikununua kwa akili ya karani.
Mpakato ni nzito, feni yake inakohoa,
betri ni saa mbili na dua,
na kila nikiandika *nyuki* lazima nikumbuke N ilikuwa wapi.
Lakini vitufe vyake havimuulizi mtu ngozi.
Vinataka uzito tu,
na uzito mama anao.

Bado nadaiwa elfu sitini.

Usiku, nyumbani, akaomba aijaribu na hiyo.
Akachagua kitufe cha chini, karibu na pembeni,
mbali na vingine asije akaharibu,
akakibonyeza, wala hakukiachia:

zzzzzzzzzzzzzzzzzzzzzzzz

mstari mzima, ukaja wa pili,
ukurasa ukaanza kuteremka wenyewe.

"Nimeandika nini?"
Nikamsomea kwa sauti, bila kuruka hata herufi.
Akacheka mpaka akalishika shavu, pengo jipya linauma.
"Hao ni nyuki," akasema. "Wangu hao. Usiwafute."

Sikuwafuta. Wamo humo,
kati ya malipo ya Juni na malipo ya Julai,
kurasa mbili na nusu.
Mkaguzi akiuliza,
nitamwambia ni saini.